Boriti kuukuu, kazi mpya: kutumia tena mbao unapokarabati nyumba ya mawe Mikindani au Lindi

Nyumba ya mawe iliyokaa miaka na paa lililotoboka haiozi miti yote kwa pamoja. Huoza kwanza ncha za boriti zilizozikwa ukutani, kisha miguu ya miimo (mihimili ya wima ya pembeni) ya milango, kisha mbao za chini ya mahali bati lilipovuja. Katikati ya boriti hiyo hiyo mti huwa mgumu kiasi cha kukunja msumari. Ndiyo maana nyumba inayoonekana imekwisha, iwe Mikindani, Kilwa Kivinje au mitaa ya zamani ya Lindi mjini, bado ina mali nyingi ndani yake.

Kanuni inayoshikilia mwongozo huu wote ni kwamba mti uliookolewa ushushwe daraja. Boriti iliyobeba chumba cha mita 2.8 ipelekwe kwenye ukumbi wa mita 2.2. Ubao wa sakafu uwe ubao wa dirisha, na ubao wa dirisha uwe rafu. Kazi nyingi za ukarabati huharibika kwa sababu fundi hurudisha mti palepale ulipotoka, na mzigo uleule, huku umeshapoteza sentimita kadhaa za ncha zake.

Vibali kwanza

Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda majengo ya kabla ya 1863, na inataja waziwazi milango na fremu za mbao zilizochongwa kabla ya 1940. Mlango wa nakshi usiuze, usiusafirishe nje ya nchi wala usiukate kabla ya kuwasiliana na Idara ya Mambo ya Kale. Kwa Mikindani, pita pia Halmashauri ya Manispaa ya Mtwara-Mikindani kwa kibali cha ujenzi, maana kubadilisha sakafu ya ghorofa ni kubadilisha muundo wa nyumba.

Kama mbao zinatoka wilaya nyingine, nenda ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS) ya wilaya unakochukulia kabla lori halijapakiwa. Beba barua ya serikali ya mtaa inayotaja nyumba iliyobomolewa, mkataba wa mauziano na picha za mbao zikiwa bado ndani ya nyumba. Mninga uliopigwa randa vizuri hauna tofauti na mninga ulioangushwa mwezi uliopita machoni pa askari wa kizuizi cha barabarani, kwa hiyo safirisha mbao zikiwa na rangi na kutu zake, randa ije baadaye.

Boriti mpya za mikoko zisiingizwe kwenye hesabu yako kirahisi. Ukataji wa mikoko unahitaji kibali, na sehemu ya mikoko ya Mtwara imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma. Hilo linaipa kila boriti ya zamani thamani kubwa kuliko inavyoonekana ikiwa imelala kwenye kifusi.

Ujue unashika mti gani

Kwangua sentimita mbili za uso kwa patasi, lowesha kwa kitambaa, uangalie.

Boriti za dari na sakafu ni za mkoko. Ni za mviringo, nzito, zenye wekundu wa kutu ndani, na kipenyo chake mara nyingi ni sentimita 11 hadi 14. Zilizo nyembamba zaidi huitwa mazio, kisha pau, kisha fito. Urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa vyumba vya nyumba za mwambao, ndiyo maana vingi havizidi mita tatu.

Mvule una hudhurungi ya dhahabu inayokolea kwa umri. Ndani yake hujificha vibonge vya chokaa vigumu kama jiwe ambavyo huvunja meno ya msumeno, kwa hiyo usiulaumu msumari kila msumeno unapolia. Mninga ni mwepesi kidogo, wenye mistari ya kahawia iliyokolea, na hautembei sana unapokauka. Mkongo, ambao wengine huuita mbambakofi, ni mzito na mwekundu wa kahawia. Huo ndio mti bora wa vizingiti na ngazi. Mtiki una mafuta na harufu ya ngozi. Paini nyeupe nyepesi iliyoingia nyumbani kwenye matengenezo ya miaka ya karibuni haina sababu ya kuokolewa isipokuwa kwa kiunzi cha muda.

Katika miti yote hiyo, angalia sehemu nyeupe ya nje. Hata mvule na mkongo vina weupe wa pembeni unaoliwa na bungua, mdudu anayetoboa mbao. Ubao ukiwa nusu nyekundu nusu nyeupe, hesabu nusu.

Mbao za jahazi zilizovunjwa ufukweni ni habari nyingine. Zimejaa chumvi, upande wa nje una deheni (mchanganyiko wa mafuta na chokaa wa kuzuia maji), na nyingi zimepakwa sifa, yaani mafuta ya papa, kwa miaka. Chumvi huvuta unyevu hewani: ubao hutoka jasho msimu wa mvua na kula misumari. Sifa hukataa rangi. Zitumie kwa mabenchi, rafu za barazani na mbao za madirisha ya nje, zisiingie sakafu ya chumba cha kulala. Mataruma ya jahazi, yaani mbavu zake, kwa kuwa yalichongwa kutoka matawi yaliyopinda kwa asili, hufaa sana kushikilia rafu nzito na mapaa madogo ya juu ya milango.

Nguzo za zamani za umeme au simu ziache kabisa. Zimepigwa dawa zenye sumu. Hazifai ndani ya nyumba wala jikoni kama kuni.

Kubomoa bila kuvunja

Msimu mzuri ni Juni hadi Oktoba, upepo wa kusi ukivuma na mvua zikiwa mbali. Ukianza Novemba, utavua paa na mvua itakukuta kuta zikiwa wazi.

Bomoa kwa kurudi nyuma: kilichowekwa mwisho kitoke kwanza. Bati, papi (mbao nyembamba za kupigilia bati), kenchi (fremu za paa), kisha mbao za dari, kisha zege la chokaa, kisha boriti. Zege la chokaa la ghorofani mara nyingi lina unene wa sentimita 20 hadi 30. Lichimbwe kwa vipande vya nusu mita na kuteremshwa kwa ndoo, kuanzia katikati ya chumba kuelekea kuta. Usiliangushe chini kwa wingi, maana sakafu ya chini, na pengine kuta, haziwezi kuvumilia mshtuko.

Kabla ya kugusa boriti hata moja, weka mirunda, yaani nguzo za muda, chini yake: safu mbili, kila safu nusu mita kutoka ukutani, mrunda mmoja kila mita, ukiwa umesimama juu ya ubao na kukazwa kwa kabari. Boriti hazibebi sakafu peke yake; pia zinashika kuta mbili zisiachane. Ndiyo maana huwezi kuzitoa zote na kuacha kuta ndefu zimesimama wima bila kitu kati yake. Toa moja kati ya nne, rudisha mbadala wake, ndipo uende ya pili.

Namna ya kuitoa ni hii. Fungua tundu la ukutani upande mmoja kwa tindo nyembamba na nyundo ya kilo moja, ukiondoa chokaa juu na pembeni mpaka boriti iweze kuinuka sentimita tano. Inua ncha hiyo, isukume ndani ya tundu mpaka ncha ya pili itoke upande wake, kisha iteremshe kwa kamba mbili. Kuibana kwa mtaimbo dhidi ya jiwe la matumbawe huvunja mawe, na jiwe moja likitoka mengine hufuata.

Andika namba papo hapo, kwa rangi, upande wa juu wa boriti: herufi ya chumba, nafasi yake kuanzia mlangoni, na ncha ipi ilikuwa ukuta wa nje. Ncha ya ukuta wa nje, hasa ule unaopigwa na mvua, ndiyo utakayoishuku baadaye.

Misumari

Hapa ndipo muda unapokwenda, na hakuna njia ya mkato. Msumari mmoja uliosahaulika huharibu bleda ya mashine ya kupasua, na mwenye mashine akikukatalia mbao zako zote mara ya pili ana haki.

Gonga ncha ya msumari irudi nyuma mpaka kichwa kichomoze sentimita moja, kisha ung'oe kwa mtaimbo mdogo ukiwa umeweka kipande cha mbao chini yake ili usikwaruze uso. Misumari ya zamani iliyokwisha kutu kichwa hukatika. Hiyo chimba pembeni kwa keekee (drili) ya milimita 4 matundu matatu kuizunguka, uishike kwa koleo, uizungushe kabla ya kuivuta. Ukishindwa, izamishe ndani sentimita tatu na uzungushie duara la chaki lionekane mpaka siku ya mwisho. Kisha pitisha sumaku yenye nguvu, ya spika kuukuu inatosha, ikiwa imefungwa kwenye kamba, polepole juu ya kila uso. Doa jeusi la bluu kwenye mvule au mkongo ni alama ya chuma hata kama sumaku imenyamaza.

Kuchagua: ipi ibebe, ipi isibebe

Tengeneza mafungu manne chini ya kivuli: ya kubeba mzigo, ya kukanyagwa, ya kuonekana, na ya vipande.

Kwanza gonga kwa nyundo kila sentimita 20. Mti mzima hutoa sauti kali. Mti ulioliwa ndani hutoa sauti butu. Pili, chomeka bisibisi nyembamba kwenye ncha na kila mahali penye doa. Ikizama zaidi ya milimita 5 kwa nguvu ya mkono, weka alama na kata sentimita 10 zaidi ya mahali uozo unapoonekana kuishia, kwa kuwa uozo hutangulia mbele ya macho. Tatu, angalia nyufa. Ufa unaofuata urefu wa boriti ni wa kawaida. Ufa unaokatiza nyuzi, hata ukiwa mfupi, unaipeleka boriti moja kwa moja kwenye fungu la vipande.

Boriti zilizopita hapo zipimwe kwa uzito. Iweke juu ya matofali mawili, umbali wa mita 2.5, sentimita 30 tu juu ya ardhi ili ikivunjika isimwumize mtu. Vuta uzi kutoka ncha hadi ncha, pima katikati. Weka mifuko minne ya saruji, yaani kilo 200, katikati kabisa, subiri robo saa, pima tena. Boriti nzima ya sentimita 12 hupinda milimita nne au tano hivi. Ikizidi 8, ikitoa mlio wa kukatika, au ikikataa kurudi ulipoondoa mifuko, haibebi sakafu. Kipimo hiki ni cha kuchuja tu. Chini ya zege zito la chokaa pamoja na watu, boriti hubeba zaidi ya hapo, kwa hiyo kama nyumba itatumika kwa wageni, mwite mhandisi akuhesabie.

Tegemea kupoteza theluthi moja. Atakayekusanya boriti 13 kwa kazi ya boriti 13 atasimama katikati ya kazi.

Kukausha na dawa

Mbao zilizotoka nyumba kavu hazihitaji mwaka. Zinahitaji wiki nne hadi sita ndani ya nyumba zitakamokaa, ili zizoee hewa ya hapo. Zipange juu ya matofali sentimita 30 kutoka chini, ukiweka papi za sentimita mbili kati ya kila safu, kila nusu mita, na papi za safu zote zisimame wima moja juu ya nyingine. Papi zikipishana, mbao hupinda.

Chagua kipande cha majaribio chenye uzito wa kama kilo moja, ukipime kila wiki kwa mizani ya dukani. Kikibadilika chini ya gramu 10 kwa wiki mbili mfululizo, fungu liko tayari. Mbao za jahazi zifanye kinyume: ziache nje zinyeshewe mvua za Desemba hadi Aprili zitoe chumvi ya juu, ndipo uzikaushe kusi likiingia, kisha uondoe milimita 3 hadi 5 za uso kwa randa.

Kwa bungua na mchwa ndani ya nyumba, mchanganyiko wa boraksi ndio unaofaa zaidi kwa mtu anayelala humo: kilo 1.5 za boraksi na kilo moja ya asidi ya boriki kwenye lita 22 za maji ya moto. Vaa glavu, weka mbali na watoto na chakula. Simamisha ncha za boriti kwenye pipa la mchanganyiko huo siku mbili, kisha paka sehemu zilizobaki mara tatu kabla hazijakauka kabisa. Dawa hii huyeyuka na mvua, kwa hiyo nje haifai. Mti uliopakwa rangi au mafuta hauinywi, kwangua kwanza.

Oili chafu ya magari ina wapenzi wengi Mtwara. Kwa nguzo ya uzio, sawa. Ndani ya nyumba inanuka miaka, inazuia gundi na rangi, na inaupa moto chakula.

Rangi kuukuu usiipige msasa ikiwa kavu. Nyingi za zamani huwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu. Ilowe, uikwangue, ukusanye mabaki kwenye mfuko. Hata bila rangi, vumbi la mvule na la mkongo huwasha ngozi na kubana kifua, na barakoa ya kitambaa haizuii; tafuta ile ya mafundi yenye kichujio.

Sakafu ya ghorofani, hatua kwa hatua

Chukua chumba cha mita 2.6 kwa 5.2. Boriti zinakwenda upande mfupi. Ya kwanza iwe sentimita 20 kutoka ukutani, na nyingine kila sentimita 40 kutoka kati hadi kati: jumla 13. Kila moja inahitaji mita 2.6 pamoja na sentimita 20 za kuingia ukutani kila upande, yaani mita 3 kamili. Boriti nyingi za kuokolewa hazitafika mita 3 baada ya kukatwa ncha. Hapo ndipo daraja linaposhuka: peleka zile fupi kwenye ukumbi, kwenye bafu au juu ya ngazi.

Kabla ya kupanga, amua juu ya uzito. Zege la chokaa la sentimita 25 kwenye chumba hiki ni mita za ujazo 3.4, karibu tani 6. Sakafu ya mbao za sentimita 3 haifiki nusu tani. Kwa boriti zilizokwisha kubeba maisha mazima, chaguo la mbao ndilo la busara, na ukitaka zege la chokaa kwa sababu ya ubaridi wake na urembo, liwe kwenye chumba kinachopata boriti bora kuliko zote. Saruji juu ya boriti kuukuu isifikiriwe.

Boriti inayokosa ncha lakini nzima katikati inaweza kuongezewa mbavu. Chonga pande zake mbili kwa tezo (shoka dogo la kuchongea) sentimita 1.5 ili ziwe bapa, ukaze mbao mbili za mkongo au mninga za sentimita 5 kwa 15, moja kila upande, zikiingia ukutani na kuipita sehemu iliyokatwa kwa sentimita 90. Bolti nne za milimita 12 zenye washa pana, zikipishana juu na chini ili zisiupasue mti kwenye mstari mmoja.

Tundu la ukutani ndilo linaloamua maisha ya kazi yote. Weka jiwe bapa chini, lililolazwa kwa chokaa, usawa wake upimwe kwa pimamaji. Boriti ilale juu yake. Acha nafasi ya sentimita moja hadi mbili pembeni na mbele ya ncha, isizibwe. Kipande cha nailoni ngumu kiwe chini tu, kati ya jiwe na mti. Usiifunge ncha nzima kwa nailoni, kwa kuwa unyevu ukishaingia hautatoka, na ncha itaoza ndani ya mfuko wake. Zaidi ya yote, usizibe tundu kwa saruji. Ukuta wa matumbawe hunywa maji na kuyapumua, saruji huyazuia, na mahali pekee yanapopata njia ni kwenye mti. Ukiona nyumba iliyokarabatiwa na ncha zimeoza upya upesi, kwangua lipu yake ya nje. Mara nyingi utakuta saruji.

Mchanganyiko wa kuziba mawe kuzunguka tundu ni chokaa moja kwa mchanga tatu, chokaa iwe imezimwa na kukaa kwenye maji wiki mbili au zaidi, na mchanga uwe wa mtoni. Mchanga wa ufukweni unarudisha chumvi uliyohangaika kuiondoa. Funika kwa magunia mabichi siku saba.

Mkoko una upande mnene na upande mwembamba. Panga kwa kupishana, unene mmoja huku, mwingine kule, na mbinuko wa asili uangalie juu. Vuta uzi juu ya boriti zote kumi na tatu. Zilizozidi, chonga kwa tezo lakini si zaidi ya sentimita moja. Zilizopungua, ziinue kwa kabari za mkongo zilizogongwa skrubu zisitoke. Kila boriti ya nne ipate bapa la chuma la milimita 40 kwa 5, urefu sentimita 60, likaze boriti kwa skrubu na kupita ukutani hadi nje, ambako pini ya chuma inalishika. Ndilo linalochukua nafasi ya uzito wa lile zege la zamani katika kuzifunga kuta.

Mbao za juu: eneo ni mita za mraba 13.5. Kwa ubao wa upana wa sentimita 15, unahitaji mita 90 za urefu, kusanya 130. Unene uwe sawa kwa chumba kizima, hata kama itabidi ushushe wote hadi sentimita 2.8 kwa randa. Toboa kwa keekee ya milimita 4 kabla ya skrubu za inchi mbili na nusu, mbili kwa kila boriti. Mti mgumu wa zamani usipotobolewa hupasuka pembeni, na skrubu hukatika shingo. Ukitandika Agosti, acha milimita mbili kati ya ubao na ubao na sentimita moja kando ya kuta zote. Mbao zilizobanwa mwezi wa kiangazi huvimba Machi na kuinuka katikati ya chumba.

Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu au za shaba. Hewa ya bahari na tindikali ya mti hula chuma cha kawaida, na doa jeusi huzunguka kila kichwa.

Linta za madirisha

Kwa dirisha la sentimita 90, boriti tatu za sentimita 12 zilizolazwa bega kwa bega, zikiingia ukutani sentimita 20 kila upande, zinatosha chini ya ukuta wa kawaida. Ukuta wa sentimita 60 unahitaji tano za sentimita 11. Tumia zile fupi ulizozikata ncha. Ya nje kabisa irudi ndani sentimita tano ili chokaa ipate mahali pa kuifunika.

Mlango

Mguu wa mwimo huoza kwa sababu umesimama kwenye maji yanayoruka kutoka kizingitini. Usibadilishe mwimo mzima wenye nakshi kwa ajili ya sentimita 20 za chini. Kata uozo kwa mshazari: kwa mwimo wa unene wa sentimita 10, mkato uwe na urefu wa 30, ukiteremka kuelekea nje ili maji yakiingia kwenye kiungo yatoke yenyewe. Mkato ukielekea ndani, umejenga kikombe. Kipande kipya kiwe cha mti uleule na nyuzi zikielekea upande uleule, kikitoka kwenye fungu lako la vipande. Gundi ya epoksi, na vijiti viwili vya mkongo vya milimita 12 kupita kiungo. Subiri siku mbili kabla ya kuchonga. Nakshi ikikatizwa, fundi mzuri ataendeleza mistari mikuu tu na kuacha kiungo kionekane kwa karibu.

Milango mingi ya zamani haina bawaba. Huzunguka kwa ncha za mti zinazoingia kwenye matundu juu na chini. Tundu la chini likilika, mlango hushuka na kukwaruza kizingiti, na watu huukata chini. Usikate. Chimba kizingiti, pachika kipande cha mpingo cha sentimita 8 kwa 8 chenye tundu jipya, paka mafuta mazito ya kulainisha, na mlango utarudi kimo chake.

Mfaa, ule mti wa katikati ya mlango, ukilegea, usiukaze kwa msumari mpya katikati ya nakshi. Kaza kutoka nyuma.

Malizia kwa mafuta ya kitani yaliyochemshwa, mipako mitatu myembamba, siku mbili kati ya kila mmoja, ukifuta ziada baada ya nusu saa. Vanishi ngumu hupasuka juani na kufungia maji chini yake. Vitambaa ulivyofutia mafuta hayo havikunjwi na kutupwa pembeni: hujipasha moto vyenyewe na kuwaka. Vianike wazi juani au vitumbukize kwenye ndoo ya maji.

Baada ya mvua za kwanza

Rudi na tochi mwezi wa Februari, mvua zikiwa zimeshika. Angalia kila tundu la boriti kwenye ukuta wa nje: chokaa iliyogeuka nyeusi ina maana maji yanaingia juu yake, kwa hiyo tafuta ufa wa nje kabla ya kugusa mti. Unga laini chini ya boriti ni bungua aliye hai. Fagia, weka karatasi nyeupe, urudi baada ya wiki, na kama karatasi ina unga, ingiza mchanganyiko wa boraksi kwenye matundu hayo kwa bomba la sindano. Njia za udongo za mchwa zinazopanda ukutani zivunje na ufuate zilikotoka, kwa kawaida ni rundo la vipande ulivyoviacha vimeegemea nyumba. Ubao wa sakafu ulioinuka toa skrubu zake za upande mmoja, usubiri Julai, uupunguze milimita mbili, uurudishe.